Mshale wa Oili Ukilala

Katikati ya dashibodi ya Datsun 240Z kuna geji tatu ndogo zilizogeuzwa kidogo kumwelekea dereva. Moja imegawanywa: nusu yake joto la maji, nusu ya pili presha ya oili. Nusu hiyo ya pili ndiyo inayowanyima usingizi wenye magari haya. Asubuhi injini ikiwa baridi mshale umekaa juu, umetulia, hauna neno. Ifike saa nane mchana umekwama Kibarani, Mombasa, lori mbele lori nyuma, na mshale huo huo unashuka polepole mpaka unalala karibu na sifuri. Ukikanyaga mafuta unainuka. Ukiachia, unalala tena.

Hapo washauri huwa wengi. Wa kwanza atakwambia utie oili nzito zaidi. Wa pili atakwambia injini imeshakwisha, tafuta hela ya ovahoo, yaani kufumua na kuitengeneza upya injini nzima. Nimewasikia wote wawili, wengine wakitoa hukumu boneti bado imefungwa. Ninachoshikilia mimi ni kwamba hakuna awezaye kujua presha ya oili yako kabla hajaipima, na kuipima kunagharimu kidogo kuliko dumu la hiyo oili nzito.

Tatizo lingine la gari hili ni sifa zake. Chini ya boneti ile ndefu kuna injini ya L24: silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, cc 2393, bloku ya chuma, hedi ya alumini, kemshafti moja juu (shafti inayofungua vali), na krankshafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) iliyoshikwa na beringi kuu saba. Kenya hatukuhitaji tangazo la gazeti kuijua. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa 240Z, na Shekhar Mehta na Mike Doughty wakaja wa pili kwa 240Z nyingine. Mwaka 1973 Mehta akarudi na Lofty Drews, akalingana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun 1800 SSS, hata ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi bila adhabu ndipo Mehta akapewa ushindi. Kwa hiyo mpaka leo ukimwambia mzee yeyote wa hapa kwamba presha ya 240Z yako inashuka, atacheka: injini hiyo haifi hiyo! Anasahau kwamba gari la mashindano lilikuwa na jeshi la mafundi nyuma yake. Langu lilikaa miaka chini ya turubai kwenye ua wa nyumba ya watu, na kabla ya hapo limepita mikono ambayo hakuna anayejua ilifanya nini.

Kabla ya kufungua chochote inafaa kuelewa kinachopimwa. Pampu ya oili haitengenezi presha. Kazi yake ni kusukuma oili tu. Presha inatokea pale oili inapobanwa njiani. Chukua mpira wa kumwagilia maua: maji yakitoka wazi yanadondoka miguuni, ukiziba mdomo wake kwa kidole gumba yanaruka mpaka ukutani, na bomba ni lile lile. Ndani ya L24 kidole gumba ni zile nafasi nyembamba kati ya krankshafti na beringi zake, nafasi za sehemu chache za mia za milimita. Oili inatoka sampu, bakuli la oili chini ya injini, kupitia chujio la wavu, inaingia pampu, inapita filta, inaingia mfereji mkuu wa bloku, inagawanyika kwenye beringi kuu, inapenya matundu ya krankshafti kwenda kwenye konrodi zinazoshika pistoni, na nyingine inapanda juu kulainisha kemshafti. Nafasi yoyote ikipanuka, au oili ikiwa nyepesi mno, au ikipata njia ya mkato ya kurudi sampu, presha inashuka. Na njia za mkato ni nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Jambo jingine ambalo huwa halisemwi: presha ya geji siyo inayobeba krankshafti. Krankshafti inapozunguka inajivutia oili chini yake yenyewe na kuelea juu ya utando mwembamba, na ndani ya utando huo msukumo ni mkubwa mno kuliko unachokiona kwenye dashibodi. Presha ya pampu kazi yake ni kuhakikisha beringi haikosi oili ya kujivutia. Ndiyo maana mshale ukiwa chini gari limesimama, injini haina mzigo, si lazima uzime hapo hapo barabarani. Mshale ukiwa chini unapanda Mazeras na mguu umebana, hiyo ni habari nyingine kabisa. Zima.

Fundi wangu ni mzee wa Changamwe aliyeshika spana tangu magari haya yakiwa mapya. Nilipompelekea gari hakugusa spana hata moja. Alivuta dipstiki, akaifuta, akairudisha, akaivuta tena, akainusa.

"Oili umeongeza lini?"

"Sijaongeza, mzee. Haipungui."

"Haipungui. Imezidi alama. Wewe unafurahi gari halili oili, kumbe linazaa."

Akadondosha tone moja kwenye kipande cha gazeti na kukiweka juu ya ukuta, kivulini. Baada ya muda tone likawa na duara mbili: doa jeusi katikati, na kulizunguka pete pana ya rangi hafifu iliyokuwa ikiendelea kutambaa kwenye karatasi. Akanipa ninuse. Petroli.

Hii ndiyo sababu ya presha ndogo ambayo watu huipita mbio. Mmiliki mmoja wa zamani alifunga pampu ya umeme karibu na tangi, yenye nguvu kuliko inavyotakiwa. 240Z ina kabureta mbili za Hitachi za mtindo wa SU, na vali ya sindano inayofunga petroli kwenye bakuli la kabureta haipendi kusukumwa kwa nguvu. Ikishindwa, petroli inafurika, mchanganyiko unakuwa tajiri, yaani petroli inazidi, na ile isiyoungua inaosha kuta za silinda na kuteremka mpaka sampu. Huko inaifanya oili iwe nyepesi. Asilimia chache tu za petroli zinatosha kushusha oili nzuri daraja zima. Kwa hiyo mtu anaona mshale umeshuka, anatia oili nzito juu ya petroli, anaona mshale umepanda wiki moja, anashukuru Mungu. Petroli bado inaingia.

Tukabadilisha vali za sindano za kabureta zote mbili, tukaiondoa ile pampu ya umeme na kurudisha ya asili inayoendeshwa na kemshafti. Oili yote ikamwagwa.

Filta hatukuitupa. Mzee aliikata. Msumeno wa chuma hautakiwi hapa, maana unamwaga vumbi lake ndani na utaishia kuchunguza vumbi la msumeno. Yeye alitumia patasi kali kuzungushia ukingo mpaka kifuniko kikatoka. Ile karatasi ya ndani akaikata kwa wembe, akaibana kwenye jiriwa ikatema oili, kisha akaikunjua mkunjo mmoja mmoja juani. Unachotafuta ni kung'aa. Vipande vinavyoshikwa na sumaku ni chuma: gia, mnyororo, kemshafti. Vipande vyepesi vya rangi ya fedha vinavyokataa sumaku vinaweza kuwa alumini au tabaka la juu la beringi. Ukiona rangi ya shaba, tabaka la juu la beringi limekwisha na uko kwenye tabaka la chini. Hapo acha kusoma makala, tafuta kreni ya kuinua injini. Kwangu kulikuwa na masizi mengi, chuma kidogo sana, na punje chache za kitu cha mpira, rangi ya chungwa. Mzee alizitazama zile punje kwa muda, akazifunga kwenye karatasi, akatia mfukoni. Hakusema kitu.

Sasa ndiyo kupima. Geji ya asili ya 240Z ni ya umeme. Sensa imefungwa kwenye bloku upande wa filta, na inachofanya ni kubadilisha ukinzani wa umeme kadiri presha inavyobadilika. Waya ukiwa na kutu, geji inadanganya. Mtu akifunga nyuzi za sensa kwa tepu nyeupe ya mabomba mpaka isigusane vizuri na chuma cha bloku (eathi), geji inadanganya. Gari la miaka hamsini lililokaa karibu na bahari lina kutu mpaka kwenye waya za taa ya ndani. Kwa hiyo unaondoa sensa na pale pale unafunga geji ya mekanika: saa yenye bomba jembamba, ndani yake kuna mrija uliopindwa unaojinyoosha presha inapoingia. Haina umeme, haina waya wa kuoza.

Halafu unaendesha. Kupima injini baridi ni kujifurahisha, maana oili baridi ni nzito na kila injini ni shujaa saa moja asubuhi. Tulikwenda mpaka Mariakani na kurudi, adhuhuri, mpaka oili yenyewe ikapata moto. Maji huwahi kupata moto, oili huchelewa. Kipimo cha mtaani kinachotumika kwa injini nyingi za aina hii ni paundi 10 kwa inchi ya mraba kwa kila mizunguko 1000 kwa dakika. Injini ikinguruma pale pale bila kukanyagwa, karibu mizunguko 800, geji yetu ilisema paundi 11. Kwenye mizunguko 3000 ilisema 36 na ikagoma kupanda zaidi, hata tulipofika 4000.

Geji ya dashibodi wakati huo huo ilionyesha kana kwamba oili imekwisha. Sehemu ya hofu yangu ilikuwa uongo wa waya.

Lakini sehemu nyingine ilikuwa ya kweli, na umbo la namba hizo lina maana. Beringi zikiwa zimekula, kwa kawaida presha inalala injini ikinguruma taratibu na moto, kisha inapanda kadiri mizunguko inavyoongezeka, kwa sababu pampu inasukuma zaidi ya kinachovuja. Oili ikiwa kidogo sampu, au bomba la kufyonza likiwa na ufa, mshale unatetemeka, unaanguka kwenye kona au ukifunga breki. Presha ikiwa juu mno hata injini ikiwa moto, kuna kilichoziba, au vali ya kupunguza presha imeganda imefungwa. Na presha ikipanda mpaka mahali fulani halafu ikakaa hapo kama imegonga dari, huku dari lenyewe liko chini kuliko inavyopaswa, mshukiwa wa kwanza ni ile ile vali, safari hii ikiwa imeshindwa kufunga. Vali hii ni kipande cha chuma kinachosukumwa na springi. Presha ikizidi kiasi inafunguka na kurudisha oili. Ikikaa wazi hata unywele, oili ina njia ya mkato saa zote.

Kuna njia ya mkato nyingine ambayo ni ya L24 hasa, na nimeona ikimtesa rafiki. Mnyororo wa taimingi una kikazaji kinachosukumwa na presha ya oili. Mtu akivua gia ya kemshafti kubadilisha gasketi ya hedi bila kuuzuia mnyororo kwa kabari ya mbao, kipistoni cha kikazaji kinachomoka kwenye tundu lake. Injini inafungwa, inawaka, mnyororo unapiga kelele mbele, na oili inamwagika kwenye lile tundu. Watu wamevunja injini nzima kutafuta beringi mbovu, kumbe ni kipande kisichozidi kidole. Kwangu mnyororo ulikuwa kimya, tukalivuka.

Kuhusu oili nzito, niseme ninavyoona. Namba ya pili kwenye dumu ndiyo inayotuhusu, maana ile yenye W inahusu baridi, na Mombasa baridi hiyo hatuijui. Oili ya daraja la 30 kwenye nyuzi 100 za Selsiasi ina unato wa sentistoki 9.3 hadi 12.5, ya daraja la 50 ina 16.3 hadi 21.9. Kwa hiyo ni kweli mshale utapanda ukitoka 30 kwenda 50. 20W-50 kwa injini ya zamani, katika joto la pwani, ni chaguo la busara na ndiyo niliyotia. Lakini kutoka hapo kwenda kwenye vile vimiminiko vizito kama asali vinavyouzwa kwenye vichupa ni kumnunulia mshale dawa ya usingizi. Presha inapanda kwa sababu oili inapita kwa shida, na beringi haiishi kwa presha, inaishi kwa oili inayopita. Pampu kubwa ya 280ZX Turbo, ambayo wenye magari haya wengi wanaifunga, ni jambo lenye mantiki zaidi kwa kuwa inaongeza wingi wa oili. Ila nayo ukiifunga juu ya tatizo usilolijua, umelifunika tu.

Pampu ya L24 iko nje, chini mbele, imefungwa kwa bolti kwenye kava la mnyororo. Huhitaji kushusha sampu. Unahitaji subira, kwa sababu shafti inayoizungusha pampu ndiyo hiyo hiyo inayozungusha distribyuta, kigawa umeme wa plagi, na ukivua pampu shafti inateremka nayo. Mzee aliizungusha krankshafti kwa mkono mpaka silinda ya kwanza ikafika juu kabisa kwenye mpigo wa kubana, akavua kifuniko cha distribyuta na kuchora alama pale rota ilipoelekea. Anayeruka hatua hii ataunga pampu vizuri kisha injini isiwake, au iwake ikipiga mabomu kwenye ekzosi.

Pampu ilipotoka, jibu lilionekana kabla hatujaifungua. Mahali pa gasketi ya karatasi kulikuwa na silikoni ya rangi ya chungwa, imepakwa kwa ukarimu mkubwa, imebubujika ndani. Mzee akatoa kile kikaratasi mfukoni, akaziweka punje za filta kando ya silikoni ile. Rangi moja.

Akafungua kizibo cha vali, springi ikatoka, kipande cha vali kikatoka kwa kukwaruza badala ya kuteleza. Kwenye kiti chake palikuwa pameganda chembe ya silikoni iliyochanganyika na masizi, ngumu, ndogo kuliko punje ya mchele. Chujio la sampu lisingeweza kuizuia kwa sababu silikoni ilipakwa baada ya chujio, kwenye kiungo cha pampu yenyewe. Hii silikoni ina kazi yake mahali pake. Kwenye njia ya oili yenye presha, pale kiwandani walipoweka karatasi, haina kazi.

Hatukuishia hapo, maana pampu imeshafunguliwa. Nafasi kati ya ncha za rota ya ndani na ya nje za pampu tuliipima kwa bapa za kupimia, isizidi 0.12 mm, na yetu ilikuwa ndani ya hapo. Kifuniko kilikuwa na mikwaruzo ya duara lakini ukucha haukunasa. Vali ikasuguliwa kwa karatasi laini ya msasa yenye oili mpaka ikawa inaanguka kwenye tundu lake kwa uzito wake. Gasketi mpya ya karatasi. Pampu ikajazwa oili kabla ya kufungwa, kwa kuwa pampu kavu inaweza kuzunguka muda mrefu bila kufyonza kitu. Tukachomoa waya wa koili, tukazungusha injini kwa stata bila kuiwasha mpaka geji ya mekanika ikainuka, ndipo tukarudisha waya. Iliposhika moto mzee alifungua kifuniko cha kujazia oili akachungulia na tochi, kuhakikisha bomba la kunyunyizia kemshafti linatema oili. Bomba hilo likiziba au kupasuka, kemshafti inaliwa huku geji ikionyesha mambo ni shwari.

Njia ile ile, adhuhuri ile ile, Mariakani na kurudi: paundi 17 injini ikinguruma taratibu, 47 kwenye 3000, na sasa inaendelea kupanda kidogo baada ya hapo. Beringi hatukuzigusa. Nilimuuliza mzee kama tusingeshusha sampu tuzitazame, akasema injini isiyogonga ndani, isiyotema shaba kwenye filta na yenye 17 moto, ukiifungua unaitafutia maradhi. Filta ijayo itakatwa tena, na ikiwa presha ya moto itaanza kuteremka kuelekea kumi huku oili ikiwa safi na haina harufu, hapo tutashusha sampu.

Kilichobaki ni sensa ya dashibodi. Nyuzi za ile ya asili ni za Kiingereza, zenye kuchongoka, na zinafanana mno na za Kimarekani ambazo ndizo zinazojaa madukani. Ya Kimarekani itaingia mizunguko miwili mitatu kisha ikaze, na anayeendelea kuilazimisha anaharibu nyuzi za bloku. Nimeagiza iliyo sahihi. Kwa sasa geji ya mekanika imebaki chini ya dashibodi, upande wa abiria, ila lile bomba lake la plastiki nimelitoa, kwa sababu likipasuka linamwagia abiria oili ya moto miguuni. Nimeweka la shaba, na karibu na bloku nimelipinda mizunguko kadhaa ili mtikisiko wa injini usilikate.